Namba Moja Ni ya Mwenye Nyumba

Mjomba wangu alistaafu kazi ya karani wa nyumba za kaunsili, lakini ukarani haukumtoka. Alipofungua ofisi ya kupiga chapa na kutoa kopi pale Makadara, karibu na mahakama, alizipanga kompyuta jinsi alivyozoea kupanga wapangaji. Yake aliiweka mlangoni ikitazama barabara ya Jogoo, ili kila anayepita aone kwamba hapa kuna maendeleo. Iliwashwa kabla ya nyingine zote na kuzimwa baada ya zote, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Sidhani kama aliwahi kuandika barua nzima kwenye mashine ile. Alicheza karata. Akichoka, aliifunika kitambaa cha kufuma alichotengenezewa na mkewe, nayo ikaendelea kuunguruma chini yake.

Sisi wafanyakazi tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja wa Mathare ambaye mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole vyake. Tulikaa ndani tukipiga chapa viapo vya watu waliotoka kortini wakiwa na haraka na hasira. Mimi nilitoka Kaloleni kila asubuhi kwa miguu. Mama alikuwa amenipeleka kwa mjomba nilipomaliza shule, akaniambia nisubiri hapo huku nikitafuta chuo. Nilisubiri, nikajifunza kusubiri hadi nikaichukia kazi yenyewe.

Miaka ya tisini ilipokaribia kwisha, mjomba alileta intaneti. Alichora bango kubwa, akaliweka juu ya mlango, na kwa muda mrefu hakuzungumza jambo lingine. Mambo yenyewe yalikuwa hivi: katika chumba kidogo cha nyuma kulikuwa na simu, modemu ya kuiunganisha na intaneti, na kompyuta moja. Hiyo ndiyo iliyopiga simu, na kompyuta zetu zote zilipitia kwake ili kutoka nje. Asubuhi tulipowasha, yenyewe ndiyo iliyoipa kila mashine anwani, yaani namba ya kujulikana nayo, na hatukuhitaji kufanya lolote. Haikuwa na skrini. Mjomba alikuwa ameiondoa skrini hiyo akaileta mbele ili apate nafasi ya mteja mwingine. Chumba kilikuwa na kufuli, simu nayo ilikuwa na kakufuli kake, na funguo zote zilikaa mfukoni mwa mjomba.

Barua pepe niliyokuwa nikiingoja niliipata Jumatatu moja. Chuo cha uuguzi huko Uingereza kilinikubali, na kilitaka nijibu kabla ya Ijumaa kwisha, la sivyo nafasi ingepewa mwingine anayengoja. Nilipiga kelele hadi mteja mmoja akamwaga chai. Dada wa Mathare alinikumbatia akanizungusha. Mjomba alisoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Usijibu kwa pupa," alisema. "Barua ya Kizungu lazima ipitiwe. Andika, niione."

Niliandika siku hiyohiyo. Aliiona Jumanne, akabadilisha neno moja. Jumatano alilirudisha lile neno. Nilivumilia, kwa sababu tikiti ya ndege hatukuwa na njia ya kuipata ila kwa harambee ya kuchangisha fedha, na harambee ya ukoo wetu haisimami bila mjomba kuwa mwenyekiti. Alikuwa ameshaniahidi. Kamati anaita yeye, kadi anagawa yeye, mgeni wa heshima anamtafuta yeye. Mama alinikumbusha kila jioni, "Usimuudhi mjomba wako." Basi sikumuudhi.

Alhamisi asubuhi aliingia akiwa amebeba karatasi na kalamu ya wino mzito. Rafiki yake fulani wa mjini alikuwa amemwambia kwamba ofisi kubwa haziachi kompyuta zijichukulie namba ovyo. Kila moja hupewa anwani yake ya kudumu. Jambo hilo lilimwingia kama chai ya moto. Kumbe alikuwa amefuga hasira muda wote huo, kwa sababu ya mashine zake kubadilishiwa namba kila kukicha na mashine nyingine isiyo hata na skrini.

"Kwangu hakuna mpangaji asiyejua namba ya nyumba yake," alisema.

Alipita kompyuta baada ya kompyuta akiandika anwani kwa mkono, na kwenye kila skrini akabandika karatasi yenye namba. Yangu ilikuwa nne. Yake, ile ya mlangoni, aliipa moja. Yeyote aliyewahi kupanga chumba Eastlands anajua kwa nini. Kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, nyumba ya kwanza, ile iliyo karibu na geti, ni ya landilodi, mwenye nyumba. Hata akihamia kwingine, namba moja inabaki kuitwa yake. Kisha akafungua chumba cha nyuma, akazima mashine ya huko na kuiwasha upya, ili nayo ipate adabu mpya, akafunga kufuli.

Toka hapo intaneti ikafa.

Modemu, ambayo kwa kawaida ililia kama mtoto aliyenyimwa ziwa kila tulipofungua barua, ilikaa kimya. Nilibonyeza kutuma, na barua yangu ikakwama palepale kwenye kikasha cha kutuma. Nilibonyeza tena na tena. Mjomba alikwenda nyuma, akainua simu, akasikiliza, akarudi na uso wa ushindi.

"Ni watu wa simu," alisema. "Wameanza tena."

Aliagiza fundi wa simu, ambaye kwa mshangao wetu alikuja Ijumaa asubuhi. Alipima laini, akasema haina kasoro yoyote, akaondoka. Dada wa Mathare hakuweza kunyamaza.

"Mzee, msee wa simu amesema line iko poa. Hii kitu ilikuwa inashika mpaka jana, ukaweka hizo namba. Si turudishe tu vile ilikuwa?"

"Wewe ulisomea wapi kompyuta?"

"Sijasomea. Lakini macho niko nayo."

"Basi yatumie kuangalia kazi yako."

Saa sita mchana nilimwomba ruhusa niende mjini, nikatume barua yangu kwenye saiba, duka la intaneti la huko. Ningekwenda na kurudi kabla wateja wa alasiri hawajaanza kujaa. Alinitazama kana kwamba nimemwomba akalale nje.

"Uende ukapange foleni kwa mwingine, na bango letu liko hapo juu? Watu wa Makadara wakikuona watasema nini? Itarudi jioni. Halafu wiki ijayo nitakapoketi na kamati yako niwaambie nini, kwamba msichana mwenyewe hana subira?"

Alisema kamati yako. Nilirudi kukaa. Dada wa Mathare alininong'oneza, "Toroka, nitasema uko choo," nami nikatikisa kichwa. Jioni ilikuja na modemu haikulia. Mjomba aliifunika mashine yake kitambaa, akaiacha ikiwaka, akatwambia anasafiri ushago, kijijini, kwa mazishi. Alipofika mlangoni alinipiga begani akasema Wazungu ni watu wanaoelewa.

Jumamosi asubuhi stima zilipotea, umeme ukakatika mtaa mzima. Mjomba alikuwa na amri moja kuhusu stima: zikipotea, mashine yake ichomolewe upesi, maana zikirudi kwa nguvu zinaweza kuiunguza. Zetu, na ile ya nyuma, ziungue tu. Dada wa Mathare aliichomoa, tukakaa gizani tukila mandazi. Stima ziliporudi, kompyuta zikaanza kuamka zenyewe, hata ile ya nyuma tukaisikia ikiunguruma. Ya mjomba ilibaki chini ya kitambaa, imezimika. Nilifungua barua zangu kwa mazoea tu. Ndipo tukaisikia modemu, nyuma ya mlango uliofungwa, ikilia kwa sauti yake yote.

Dada wa Mathare aliruka. "Imeshika! Imeshika!"

Niliiona barua yangu ikiondoka kwenye kikasha. Nashukuru sana, ilisema, naikubali nafasi hii kwa moyo wote. Ilipokwisha kutoka ndipo nyingine ikaingia. Iliandikwa Ijumaa jioni, kwa maneno mazuri ya adabu. Hawakuwa wamesikia neno kutoka kwangu, walinitakia kila la heri, na nafasi ilikuwa imekwenda kwa aliyefuata.

Nililia hadi wateja wakatoka. Dada wa Mathare alisimama akiwa ameshika waya wa mashine ya mjomba, akiutazama. Halafu aliuchomeka, akaiwasha. Kisha akazima na kuwasha swichi kuu ukutani, zote ziamke pamoja. Kimya. Alipoichomoa ya mjomba na kurudia vilevile, modemu ililia.

"Ni yake," alisema. "Hiyo namba moja ni ya ile ya nyuma, ndio maana zetu zilikuwa zinaanzia mbili. Mdosi ameichukua, sasa ile nyingine haina kwake. Yeye ndiye amesimama kwa mlango."

Nilijaribu kuandika tena kwa chuo. Hawakubadili neno. Mjomba aliporudi, nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha. Aliangalia, na najua alielewa, kwa sababu masikio yake yalibadilika rangi. Nilimwambia ajipe namba mbili, au tano, au yoyote.

"Mimi? Mbili?" alisema. "Kwa nyumba yangu?"

Tangu siku ile mashine yake ilikaa imezimwa. Aliona heri isiwake kamwe kuliko iwake ikiwa namba mbili. Ilibaki pale mlangoni na kitambaa chake na karatasi yake, na wapita njia waliendelea kuona maendeleo. Mimi niliondoka pale mwaka uliofuata, nikaenda kupiga chapa kwingine, na sikuwahi kuwa muuguzi.

Sijamsamehe. Watu hunishauri nimsamehe kwa kuwa amezeeka, nami huwajibu kwamba mimi pia nimezeeka. Lakini ni mjomba, kwa hiyo Krismasi huenda kumsalimu. Mara ya mwisho alikuwa na wageni wa kanisani, akanionyesha kwao.

"Huyu angekuwa nesi wa Uingereza sasa hivi. Watu wa simu ndio walimkosesha. Na mimi nilikuwa nimeshamwitia kamati yote ya harambee, kadi ziko tayari."

Nilikuwa nammiminia chai. Mkewe, ambaye miaka hii husikia vibaya na kusema kwa sauti, aliinua kichwa kutoka kwenye ufumaji wake.

"Kamati gani, Baba?" aliuliza. "Hata mtu mmoja hukuita."

Mjomba alinyoosha mkono kupokea kikombe chake, nami nikampa.