Viatu vya Matangani

Mwanatumu binti Bwanamkuu alichomwa sindano ya wazimu kwa sababu alipanga viatu. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kuna sababu nyingine nitakayoitoa mbele. Haipo.

Nilikuwa mpangaji wao mtaa wa Shela, Malindi, katika chumba cha juu kinachotazama mlango wa mbele. Nilikuwa nimehamishiwa shule ya msingi ya hapo, na mwenye nyumba, Bi Harusi, alinipokea kama mwanamke mwenzake ingawa mimi ni Mgiriama na Mkristo, na yeye asili yake ni visiwa vya kaskazini. Mwanatumu alikuwa binti yake wa pekee, umri umepita thelathini, hajaolewa. Kazi yake ilikuwa kushona kofia, zile nyeupe za mkono ambazo vitundu vyake hutobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi. Kofia moja humla mshonaji miezi. Za kwake ziliagizwa na mabwana harusi wa Lamu na wa Mombasa.

Alikuwa na mambo yake. Hakumtazama mtu machoni. Sufuria ikianguka jikoni, aliziba masikio na kujikunja kama aliyepigwa. Wali na mchuzi wake havikukaa sahani moja. Na ukimwuliza neno, alikujibu neno hilohilo. Siku moja jirani alikuja na gauni jipya la Idi, akajizungusha ukumbini.

"Mwanatumu, hebu nambie, nimenenepa?"

"Umenenepa," akasema, akaendelea kutia uzi sindanoni.

Bi Harusi alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. "Mukitaka kweli, mwulizeni huyu. Mukitaka kusifiwa, niulizeni mimi."

Mamake alimjua, kwa hiyo nyumba nzima ilimjua. Hakuna aliyeita mganga wala daktari.

Mwaka wa 1984 walimu tuliitwa semina Kilifi. Mkufunzi mmoja alitueleza habari za watoto ambao akili zao haziugui, ila zimejengwa namna nyingine: kelele huwaumiza, hupenda kupanga vitu, maneno huyachukua kama yalivyo. Akaandika ubaoni neno la kigeni, otizimu. Niliporudi nilimsimulia Bi Harusi kama habari tu ya safari. Mwanatumu alikuwa pembeni na kofia yake. Sindano ikasimama.

"Mwalimu, huyo ni mimi."

"Wale ni watoto, Mwanatumu."

"Na mimi nilikuwa mtoto."

Aliniomba niyarudie yote tangu mwanzo, na kesho yake akaniomba tena. Alikuwa kama mtu aliyeishi ugenini maisha yake yote, kisha akasikia mpita njia akitaja mtaa wao.

Bi Harusi alifariki mwaka uliofuata. Kwenye matanga, binti wa marehemu hukaa mkekani chumba cha ndani, akashikwa mkono na kila anayeingia, akalia naye. Mwanatumu alikaa siku ya kwanza. Siku ya pili mwanamke mmoja aliangua kilio karibu na sikio lake. Akainuka, akatoka hadi mlangoni. Pale palikuwa na lundo la viatu vya waombolezaji, champali, makubadhi, ndara za mpira, kila kimoja kimetupwa upande wake. Akachutama, akaanza kuvioanisha, vikubwa huku, vidogo kule, ncha zikitazama nje ili mwenyewe akitoka atie mguu tu. Nilipotoka nilimkuta machozi yanamtiririka bila sauti, na mikono inafanya kazi.

Nyuma yangu akatokea shangazi yake. "Yarabi! Kaburi la mamake halijakauka, yeye yuwapanga viatu!"

Jua halijatua mtaa mzima ulikuwa na habari. Ya machozi hakuna aliyeyasimulia.

Kakake Mahadhi, mwenye duka la vitambaa sokoni, si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa kujilazimisha. Aliogopa midomo ya watu. Arubaini ilipokwisha akampeleka kliniki moja ya magonjwa ya akili, ambayo sitaitaja, na Mwanatumu akaniomba nifuatane nao. Mhudumu aliyetupokea aliitwa Musyoka. Kila mtu alimwita daktari, naye hakumsahihisha mtu. Alimsikiliza Mahadhi kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Mwanatumu.

"Mama, unajua wewe ni mgonjwa?"

"Mimi si mgonjwa. Nimezaliwa hivi. Ni otizimu."

"Nani amekuambia?"

"Mwalimu alinisimulia. Nikajijua."

"Ukajijua!" Musyoka akacheka na Mahadhi. "Hapa wote wanajijua. Unamwona yule dirishani? Anajijua kwamba yeye ni mkuu wa mkoa."

Mwanatumu akageuka kumtazama yule mtu. "Mimi si yule."

"Hiyo otizimu ni ya watoto, tena wa Ulaya. Mtu mzima wa hapa hana. Na mgonjwa akikana ugonjwa, hiyo ndiyo dalili kubwa."

Nikaingilia. "Lakini daktari, hajakana tu. Amekueleza jinsi alivyo."

"Kujipa ugonjwa usio wake, hiyo nayo ni dalili. Mwalimu, mimi huja darasani kwako kukufundisha kusahihisha madaftari?"

Hapo damu ilinichemka, na hadi leo haijapoa. Akisema hana kitu, ni mgonjwa. Akisema anacho kitu, akakitaja, ni mgonjwa. Aseme nini basi, mtu huyu, ahesabiwe kuwa amesema? Sidai kwamba kila mtu ajichagulie jina la maradhi kama anayechagua leso dukani. Nimewaona waliojidanganya, wakaumia. Huenda hata Mwanatumu alikosea lile jina, na mimi niliyemletea si mtaalamu wa lolote. Lakini Musyoka hakumpima, hakumwuliza utoto wake, hakumwuliza usingizi wala chakula wala kazi. Alimwuliza swali moja, na jibu alikuwa nalo kabla hajauliza.

Alichomwa sindano siku ileile, na akaamriwa arudi kila mwezi.

Sindano ile ilimfunga. Shingo ikakakamaa, mate yakamtoka pembeni mwa mdomo. Hakutulia akikaa wala akisimama. Baada ya sindano ya pili mikono ikaanza kutetemeka, na uzi haukuingia tena tunduni mwa sindano. Nilimtilia mimi. Alishona vitundu viwili, vikaenda upogo, akavifumua. Akashona tena, akafumua tena. Kisha akaikunja ile kofia akaiweka juu ya kabati.

"Mwalimu," akaniambia, ulimi mzito, "mikono hii si yangu. Ikinitoka kabisa nitakuwa nani?"

Mtaani walisema ametulia. Hajibu watu vibaya tena. Alhamdulillahi, dawa imefanya kazi.

Siku ya sindano ya tatu Mahadhi alikuja na gari la rafiki yake. Mwanatumu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kofia mapajani.

"Inuka twende, dadangu. Mwenye gari angoja."

"Siendi. Nani nimempiga, kaka?"

"Hujampiga mtu."

"Nani nimemtukana?"

"Watu wasema, Mwanatumu."

"Wasema nini?"

"Ulipanga viatu matangani!"

"Vilikuwa vimetawanyika."

Mahadhi akanitazama mimi, kana kwamba nitamsaidia. Nikakaa kizingitini kando ya Mwanatumu. Jirani wa gauni la Idi alikuwa ametoka barazani kwake, na wengine nyuma yake. Kumburura dada yake mbele ya macho yale kungezaa maneno mengi kuliko viatu. Alilijua hilo, na ndilo lililomshinda. Huruma haikuwamo.

"Haya," akasema kwa sauti ya chini. "Sindano basi. Lakini pakiwa na watu humu ndani, harusi au msiba, usionekane. Utakaa juu kwa Mwalimu."

"Nitakaa," Mwanatumu akasema. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka juu ya kofia. Angekubali kukaa hata paani.

Mikono ilimrudia polepole, ila si yote. Kidole kimoja cha kulia kingali kinaruka. Hushona kofia moja katika muda aliokuwa akishonea mbili, na kwa sharti la kakake hukaa kwangu wageni wanapokuja.

Mwezi uliopita Mahadhi alimwoza bintiye. Nyumba ilijaa, vigelegele vikapanda hadi chumbani kwangu. Mwanatumu alikuwa dirishani, pamba masikioni, anamalizia kofia ya bwana harusi mwingine. Wageni walipoanza kutoka ikawa vurugu pale chini. Shangazi aliyepiga kelele matangani alisimama na champali moja mguuni, akimgombeza mtoto wa watu kwamba ameiba ya pili.

Mwanatumu alichungulia mara moja tu.

"Mwalimu, champali yake ya kushoto iko chini ya ngazi. Nishuke nimwonyeshe?"

Kisha akakumbuka sharti, akarudi kwenye uzi wake. Chini, shangazi aliendelea kuruka kwa mguu mmoja, na mimi sikushuka.