Namba ya Redio ya Mjomba

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa redio pale Voi, tena fundi wa juzi juzi. Shule niliishia darasa la saba, lakini nikiwa na bisibisi mkononi nilijiona nitasikia dunia nzima.

Siku moja mjomba wangu akashuka kutoka Marungu na redio ya jeshi ya wakati wa vita vya pili vya dunia, nzito kama jiwe la kusagia. Alitaka iongee tena. Bosi wangu akaigeuza, akakuta kibati cha namba kimesuguliwa hadi kinang'aa.

"Mzee, hii umeitoa wapi?"

"Niliinunua vita vilipoisha, kambi ya Salaita ikivunjwa. Karatasi ya mauzo hii hapa, ina namba yake. Namba imefutwa na mke wangu. Kila Krismasi anaisugua kwa majivu na katani, kama sufuria zake."

Bosi akacheka. "Katani gani hiyo, inafuta namba na kuacha uchafu kwenye vifundo vya kuzungushia stesheni?"

Na kweli, vifundo vilikuwa vyeusi ti! Kwa mafundi, redio iliyofutwa namba ni redio ya wizi, na huyu mjomba ndiye aliyenilipia karo. Bosi akaniambia, "Itafute hiyo namba. Isipolingana na karatasi, naipeleka polisi, awe mjomba wako au babu yako."

Nikasaga chaki, nikaipaka kwenye kibati kwa kidole gumba, kisha nikapangusa juu juu kwa kitambaa ili ibaki kwenye alama za namba zilizogongwa tu. Mjomba alikuwa kanisimamia begani, na kila nilipogeuka alikuwa akitazama uso wangu, si kibati. Kwa nini anitazame mimi?

Namba zikajitokeza moja moja, kama wageni wenye haya. Mbili. Saba. Sifuri. Nne. Zote sawa na karatasi. Ya mwisho ikagoma. Karatasi ilisema nane. Kwenye kibati niliona upande wa kulia tu, na hiyo ingeweza kuwa tatu vilevile.

"Sema, kijana," bosi akasema.

"Nane," nikajibu, haraka mno.

Bosi akainama, akakodoa macho, akaguna. "Haya. Mtengenezee mzee wako."

Jioni redio ilikuwa inakoroma vizuri. Nikamsindikiza mjomba hadi kwenye lori la Marungu. Njiani akasimama.

"Ile nane, uliiona?"

"Niliiona, mjomba."

"Mimi niliona tatu, usoni mwako." Akaiweka redio sawa begani. "Niliinunua kwa haki, mpwa wangu. Nilitaka uniamini, sikutaka unikingie kwa uongo."

Nikanyoosha mikono nimpokee redio. Akaihamishia bega la pili, akapanda lori peke yake.