Cherehani Aomba Kaunta

Binti yangu wa tatu amepiga pasi miaka kumi na mmoja katika chumba cha nyuma cha duka la dobi. Ana kigugumizi tangu utoto. Watoto wa jirani walimwita Cherehani, jina likaganda. Pasi haihitaji kujibiwa, nikadhani ameridhika nayo.

Mwaka jana mhudumu wa kaunta aliacha kazi, Cherehani akaiomba. Mwenye duka akamwambia, "Nakupa mwezi, dada. Wateja wakikuelewa, kaunta yako. Wasipokuelewa, pasi inakungoja."

Akaenda hospitali kwa mtaalamu wa usemi. Nikamfuata. Hakuniita, lakini mama hangoji kualikwa.

Mtaalamu, kijana mwenye miwani, akampa maandishi ya Kiswahili asome kwa sauti. Kila mstari akakwama. "Tena hanitazami usoni," akasema, akiandika. "Anakwepa."

"Hakwepi. Nimemlea mimi. Kwetu humkodolei macho unayemheshimu."

Akafuta alichoandika. Hapo nikampenda kidogo.

"Na kwa lugha ya nyumbani, mama, anagugumiza?"

"Hata kidogo!"

"Basi anieleze kwa lugha hiyo jinsi ya kupiga pasi shati. Mimi siijui, wewe utanihesabia anapokwama."

Binti akaanza. Kwenye kola akakwama, nikamalizia. Kwenye mikono, nikamalizia. Mtaalamu akaweka kalamu chini.

"Mama, shati hili analipiga pasi nani?"

Binti akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Miaka yote nimeapa kwamba kwa lugha yetu hagugumizi, kumbe sijawahi kumwachia neno likaisha.

Yeye akapewa mazoezi ya pumzi, kwa lugha zote mbili. Mimi nikapewa kufumba mdomo. Mazoezi yake yalikuwa rahisi zaidi.

Siku ya mwisho ya mwezi ule nikapeleka shuka. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni. Pale kaunta mzee mmoja wa kwetu akauliza, kwa lugha yetu, koti lake litatoka lini. Binti akakwama. Mzee akanigeukia mimi. Makoti hutoka Alhamisi, hilo nalijua vizuri, na neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikauma meno.

Binti akavuta pumzi. Akalijaribu mara mbili, mara ya tatu likatoka: "Alhamisi, baba."

Mzee akachukua risiti, akaenda zake. Nikasogea na shuka yangu.

"Mama," akasema, "r-r-rudi nyuma. Kuna wawili mbele yako."

Nikarudi. Mwenye duka akatoka kwenda kutafuta mtu wa pasi.