Bomba Linalopita Chini ya Uzio wa Tinca

Siku ya tisa baada ya kumzika mume wangu, fundi alikuja kwangu akaanza kuchimba mtaro kuelekea kwa mwanamke ninayegombana naye miaka kumi na tisa, kisa kuku wake na bustani yangu.

Nilidhani amekosea.

"Gelu mwanangu," nikamwambia, "rediata zinakwenda vyumba vya juu. Huko unamchimbia nani?"

Akavua kofia. "Bibi Safta, ndivyo marehemu Mzee Ilarie alivyochora. Bomba linapita chini ya uzio, linaingia kwa Tinca."

Jamani, kwa Tinca! Gelu akageuza ndoo nikalie, akaifuta kwanza kwa shati lake. Sisahau.

Ngoja niwaeleze.

Huku kwetu vilimani, Romania, wakati wa baridi tunaishi chumba kimoja chenye jiko la kuni. Vingine vinafungwa mpaka theluji iyeyuke. Mwanetu Dorin yuko Italia na mkewe na binti yao mdogo. Walipokuja mara ya mwisho, mtoto alilala na koti.

Dorin akasema, "Baba, nyumba nzima ingekuwa na joto, tungerudi kuishi hapa."

Hilo tu. Ilarie akawa mtu wa penseli na karatasi.

Boila la kuni likae kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Maji yachemke humo, yasukumwe kwenye mabomba hadi kwenye rediata, yale makopo ya chuma ya ukutani yanayopasha kila chumba. Kuni ziwe za mwaloni, zilizopasuliwa miaka miwili kabla, maana kuni mbichi zinatoa masizi yanayoziba dohani.

Tulibishana kila siku mezani. Mimi nilitaka rediata mbili kubwa chumba cha mtoto.

"Safta, unataka kumpasha moto huyo mtoto au kumchemsha?"

Nikashona mapazia ya chumba hicho. Ya njano.

Mwezi wa tano akaacha kubishana. Nikisema rediata kubwa, anasema, "Sawa, mke wangu." Nilidhani nimeshinda.

Septemba moyo wake ulisimama akiwa anapanga kuni.

Na sasa huu mtaro.

Nikaenda kwa Tinca na nyonga yangu mbovu, sijui nilifikaje. Alikuwa uani, anachoma pilipili hoho.

"Tinca! Mume wangu alikuwa na nini na wewe?"

"Na wewe pia hujambo, dada Safta."

"Nijibu!"

"Mzee wa miaka sabini na nane, meno ya chini hana! Ningekuwa mwizi wa waume, si ningeiba wa maana?"

Nilitaka kucheka. Nikalia.

Akaziepua pilipili, akanivutia kiti, akanifunika shali lake mwenyewe.

Kwetu, ukimpa mtu kitu kwa ajili ya roho ya marehemu, marehemu anakipata huko aliko. Ukitoa blanketi, anajifunika. Wengine hatuwaamini ndugu zetu, tunajitolea wenyewe tungali hai. Tinca alishatoa televisheni, eti huko asikose tamthilia.

"Ilarie alikuja mwezi wa tano," akasema. "Alikuja na padri na mshumaa. Akanipa nusu ya joto la boila, kwa roho yake mwenyewe, asije akasikia baridi huko. Nikapokea. Kilichopokelewa hakirudishwi, unajua."

"Nusu hiyo ni ya Dorin."

Akaanza kumenya pilipili.

"Tinca. Nusu hiyo ni ya Dorin na mtoto."

"Dorin harudi, dada yangu."

Kumbe Dorin alipiga simu Jumapili moja, mimi nikiwa kanisani. Wamenunua nyumba kulekule. Ilarie alikuja kwa Tinca, akakaa kwenye kiti hichohicho, akalia kama mtoto.

"Alisema, 'Ameshashona mapazia. Nitaanzia wapi?'"

Ndipo akachora upya. Moto mmoja, nyumba mbili. Nyonga yangu ikikataa asubuhi, Tinca ataweka kuni. Na ikiwa ni zamu yangu, kisha rediata zake zikapoa, avunje mlango aje anitazame.

Nikampigia Dorin palepale.

"Mama," akasema, "baba aliniambia atakueleza mwenyewe, taratibu."

"Hakuwahi, mwanangu."

Nikamsikia analia. Nikamuuliza kama mtoto anakula vizuri. Wewe ungeuliza nini?

Niliporudi, Gelu alikuwa amesimamisha kazi. Alikuwa ameweka mbao juu ya mtaro nisije nikatumbukia.

"Nifukie, bibi?"

Nikatazama madirisha ya juu. Nikatazama kwa Tinca.

"Chimba."

Siku ya arobaini ndiyo tuliyopanga kuwasha. Asubuhi yake nikamwambia Gelu azitoe zile rediata mbili za chumba cha mtoto, azipeleke kwa Tinca. Chumba chake cha nyuma kina ukungu mpaka darini. Gelu akazifungua. Alizibeba moja moja, akipita upande ambao nisingemwona kupitia dirisha la jikoni. Nilimwona.

Tinca akasimama mlangoni kwake na mshumaa. Anayetoa lazima ataje anatoa kwa roho ya nani.

Nikafungua mdomo. Jina lililonijia ni Dorin.

Nikaufunga haraka. Huyo yu hai, Mungu amtunze. Na huko aliko ana joto.

"Dada, sema basi, nta inaniunguza vidole!"

"Kwa roho yangu mwenyewe," nikasema. "Safta."

"Mungu apokee," akasema Tinca, akanishika kiwiko tukaenda kuwasha.

Ilarie wangu alinipenda, sina shaka. Alinifikiria mpaka siku nitakayoshindwa kuamka. Ila habari ile niliipokea kwenye kiti cha jirani, yeye akiwa ardhini, na hakuna niliyeweza kumgeukia kitandani nikamwambia, umesikia mtoto wetu anavyosema?

Kama una neno zito la kumwambia mwenzako, mwambie ungali naye. Litamuumiza, ndiyo. Lakini utakuwepo kulia naye.