Aliyoyasema Daktari Karimu kule Lindi

Mwanangu, umeniambia unaanza kazi wodini wiki ijayo, nami nimemkumbuka Daktari Karimu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, bandari ya Mtwara ingali mpya, nami muuguzi kijana katika hospitali ya hapo. Daktari Karimu alikuwa Mhindi wa Mikindani, mtoto wa mwenye duka, aliyekwenda Bombay kusomea upasuaji wa kifua kisha akarudi kwao. Kiswahili chake kilikuwa hiki hiki chetu.

Tulimpokea Issa, kijana wa Mahurunga aliyelima mikorosho na baba yake, Mzee Hamisi. Kifua kilikuwa kimejaa usaha. Daktari akatoboa katikati ya mbavu, akapitisha mpira mwembamba kama bomba, usaha ukatoka na homa ikashuka. Issa akaanza kudai uji na kututania wauguzi. Daktari akautoa mpira. Usaha ukarudi kimya kimya, na tulipotambua, Issa hakuwa tena na nguvu za kupasuliwa. Akafariki.

Muda si mrefu chama cha madaktari wapasuaji kikaitisha mkutano Lindi. Daktari Karimu alikuwa ameomba kujiunga, na wakubwa wa chama, karibu wote Wazungu, walikitilia shaka chuo alichosoma. Walimtaka aeleze mbele yao habari za mgonjwa mmoja aliyemtibu. Nilidhani atamchagua mvuvi mmoja wa Msimbati, aliyepona vizuri sana. Akaniambia ataeleza habari za Issa.

"Watakukataa, Daktari," nikamwambia. "Waeleze aliyepona. Kifo cha Issa nani anakijua huko?"

Hakukasirika. "Mimi nakijua, Somoe, na wewe unakijua. Yuko daktari mwenzangu mahali fulani atakayeutoa mpira mapema kama mimi. Huyo nani atamwambia?"

Kabla ya safari tulikwenda Mahurunga. Tulikaribishwa mkekani, na Daktari akamwambia Mzee Hamisi waziwazi kwamba mpira aliutoa mapema. "Nataka kuwaeleza madaktari wenzangu. Lakini Issa ni mwanao, nimekuja kuomba ruhusa."

Mzee akauliza, "Wakishaambiwa, watafanya nini?"

"Huenda wakanifundisha."

"Basi nenda. Na wakikufundisha, nawe wafundishe wengine."

Lindi nilikwenda naye, nikakaa nyuma kabisa ndani ya chumba cha mkutano. Daktari alieleza yote bila kujitetea. Alipomaliza, watu walitazama meza. Nikajisemea, basi, wamemkataa. Ndipo akainuka daktari mmoja mzee, mwenye mvi, akasema, "Nami nilimpoteza mgonjwa namna hiyo, na sijawahi kumwambia mtu." Akaenda ubaoni, akachora kifua, akaonyesha jinsi ya kuondoa kipande cha ubavu ili usaha upate njia pana, na kuacha njia hiyo wazi mpaka pafu lijae tena. Wengine wakasogeza viti. Wakaulizana mpaka chai ikapoa.

Walimpokea chamani siku hiyo hiyo.

Baadaye akaletwa Fatu, mama wa watoto wadogo kutoka Kitaya, kifua chake kama cha Issa. Daktari akafuata alichofundishwa. Nilimsafisha kidonda kila siku, na mara hii hatukuharakisha kitu. Fatu aliondoka kwa miguu yake, mwanawe mdogo mgongoni, akilalamika kwamba tumemchelewesha kupalilia. Na katika kila mkutano uliofuata, Daktari aliwachukua madaktari vijana wa hospitali za wilaya, akawafundisha kazi ile kwa mikono yao wenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, utakapokosea, na utakosea, usijifungie na kosa lako. Anza na waliofiwa wenyewe, uwaambie ukweli ukiwa umeketi nao. Kisha wapelekee habari hizo wenzako wa kazi, kwani chama ni mahali pa kufundishana, si pa kuvalia suti. Na mwenzako akikueleza lake, msikilize bila kumcheka.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi mkweli. Akupe wenzako wa kukurekebisha kwa upendo, na wagonjwa wako warudi makwao wakiwa wazima. Amina.