Nilimwambia Ami Kuwa Majirani Wamenyamaza

Jumatano, tarehe 12. Asubuhi ya mawingu, rasharasha tangu alfajiri, nguo za jana bado mbichi kambani.

Admin, naomba unifiche jina. Nimeanza na tarehe kwa sababu nanakili kutoka kwenye daftari langu, ninaloandika kila siku tangu nikiwa sekondari. Nina miaka thelathini na tatu, mtalaka, karani wa masjala. Nakaa Chukwani na mama na mdogo wangu wa kike mwenye miaka ishirini na tano. Baba yetu ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mambo ya posa yamo mikononi mwa ami yetu.

Mdogo wangu ameposwa. Aliyemposa mnamwona kwenye televisheni, ni mchambuzi wa siasa. Akiulizwa swali hunywa maji kwanza, hurekebisha koti juu ya kanzu, kisha husema, "Suala hili tulitazame katika muktadha wake mpana." Huo upana hauishi. Likitokea lolote nchini, yeye "alishalisema hilo mapema". Nimemsikiliza nikiwa na kalamu mkononi. Hakulisema.

Namjua tangu shule. Yeye alikuwa mwenyekiti wa klabu ya midahalo, mimi katibu. Hoja niliziandika mimi, kwa namba, yeye akasimama kuzisoma na kupigiwa makofi. Tukishinda, kundi zima tulikwenda Forodhani kula urojo, na huko alimhutubia hata muuza urojo mpaka bakuli likapoa. Maneno yake hayakuwahi kunivutia, nilijua yametoka wapi. Lakini jioni moja aliniambia, "Mimi na wewe tutafika mbali." Juzi nimeitafuta sentensi hiyo kwenye daftari la mwaka ule. Ipo, nimeipigia mstari mara mbili. Hakuna nyingine baada yake. Yeye alikwenda Bara kusoma, mimi nikaolewa, nikaachika.

Sasa kila akitokea, mdogo wangu huvuta mkeka mpaka mbele ya televisheni.

"Da, msikilize! Maneno anayatoa wapi huyu?"

"Nnamsikia. Hajajibu swali."

"Wewe nawe! Kwani lazima ajibu?"

Mama akacheka. "Mwache mwenzio. Huyo hatazami siasa, anatazama ndevu."

Siku nyingine mdogo wangu aliniletea salamu za huyo bwana. "Anakukumbuka sana, da. Ati ulikuwa katibu mzuri." Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Barua ya posa ilipokuja, ami hakujibu papo hapo. Kwetu familia huomba muda, ikatuma mtu mtaani kwa muoaji kuulizia tabia zake. Ami akanituma mimi. "Wewe umesoma naye, na kila kitu unaandika. Nenda Mji Mkongwe uniletee habari kamili."

Nilikwenda Jumamosi, nyumba nne. Mungu anisamehe, nilikwenda kutafuta aibu. Nyumba ya mwisho nilimkuta bibi mmoja amekaa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumuulizia msemaji wetu?"

"Naam."

"Ana maneno yule! Ukimuuliza saa ngapi, anaanzia enzi za Sultani." Akacheka mpaka akakohoa. "Lakini mama yake alipolala kitandani miaka miwili, nguo zake akizifua yeye, kwa mikono yake, na dada zake wapo. Kamwambie aliyekutuma."

Nyumba tatu za mwanzo walisema hayo hayo kwa namna zao. Nikayaandika yote, pamoja na saa. Kisha nikaenda kwa ami.

"Enhe, wamesemaje?"

"Wamenyamaza, ami."

Nyinyi wa hapa Unguja mnajua. Jirani akiulizwa habari za muoaji akanyamaza, maana yake anaujua ubaya na anaona haya kuutamka. Sikumzulia ulevi wala wizi. Nilichagua neno moja, nikijua litafanya kazi yote. Ami alivua kofia akaiweka gotini. "Basi. Ijumaa baada ya sala nitawarudishia barua yao. Mdogo wako usimwambie kwanza."

Leo asubuhi mdogo wangu amenifuata mlangoni nikivaa viatu.

"Da, ami mbona hanitazami usoni? Wamemsema vibaya huko?"

"Sijui. Muulize mwenyewe."

"Siwezi kumuuliza ami mimi. Lakini ungesikia ubaya ungeniambia, nakujua." Akanitilia mwavuli wake mkobani na kurudi ndani.

Nikienda kwa ami kusema nilidanganya, ataniuliza sababu, na sababu niliyo nayo ni wivu. Tena si wivu wa mwanamme tu. Nikimwona amekaa pale na maikrofoni yake naona kile kiti kina hoja zangu, na sasa mdogo wangu naye atakwenda kukaa karibu nacho. Akijua niliwahi kumtazamia huyo mtu, huenda akamkataa kwa ajili yangu, au akaolewa naye asinitazame tena. Nikinyamaza, barua itarudi na yeye atajiuliza maisha yake yote alikosa nini. Mpaka leo huyo bwana namwona ni mtu wa majivuno. Lakini hilo nilipaswa kulisema kwa jina lake, mdogo wangu akaamua mwenyewe kama anaweza kuishi nalo.

Ijumaa haiko mbali. Wenzangu mliowahi kuharibu jambo la ndugu yenu kisha mkataka kulitengeneza, mlianzia wapi? Niende kwa ami kwanza, au kwa mdogo wangu? Niseme yote, pamoja na ile sentensi niliyoipigia mstari, au niseme tu kwamba majirani walimsifu? Nielekezeni. Hata matusi nitayasoma.

Nimeongeza hili Alhamisi, kabla ya kutuma: jana usingizi haukuja mpaka saa nane na dakika arobaini usiku, na kesho ndiyo Ijumaa.