Salamu za Mwanne Mpika Vitumbua

Ruangwa ilipokuwa bado changa kama wilaya, watumishi wa serikali walikuwa wakishuka kwenye basi na magodoro yao, hawamjui mtu, na asubuhi walitaka chai na kitu cha kutafuna. Mwanne aliliona hilo mapema. Akaweka jiko lake pembeni ya stendi, mbele ya duka la Kaimu, akaanza kupika vitumbua. Hakuwa na mtu wa kumhangaikia ila Shamimu, binti yake wa darasa la tatu. Baba wa mtoto alikuwa amehamia Masasi kwa mke mwingine, na huko hakuwa akiuliza habari za mtu.

Vitumbua vyake vilikuwa laini, vinanukia iliki, lakini havikutoka. Watu wa kule hawali ovyo. Kabla mtu hajatia kitu mdomoni anataka kumjua aliyekoroga unga, katoka ukoo gani na moyo wake ukoje. Mwanne alikuwa mgeni kutoka Marambo. Wengi walimsalimia tu, wakapita.

"Dada, wewe huna jina," Kaimu alimwambia siku moja. "Mtu akisikia jina lako redioni atakuona ndugu yake. Tuma salamu. Mimi hapa sabuni nauza kwa salamu, siyo kwa povu."

Kadi za salamu zilikuwa zinauzwa dukani kwake. Unaandika jina lako, majina ya unaowasalimu na ujumbe mfupi, unapeleka posta, kadi inasafiri hadi Dar es Salaam, na jioni moja mtangazaji anaisoma. Jioni ipi, hakuna ajuaye. Pengine mwezi ujao, pengine mvua zikishapita, pengine isisomwe kabisa.

Mwanne alikuwa amesoma kidogo, na mkono wake ulikuwa mzito. Lakini aliandika. Aliwaweka wachache waliowahi kula kwake, na wengine ambao alitaka waje wale.

Kadi ya kwanza iliposomwa, redio ya Kaimu ilikuwa juu ya kaunta na stendi nzima ikasikia. "Mwanne mpika vitumbua wa Ruangwa," sauti ilisema, nzito, ya mjini, "anawasalimu wafuatao, popote pale walipo." Majina yakafuata. Kondakta mmoja alirusha kofia juu. "Nimetajwa! Jamani, nchi nzima imenisikia! Mama Shamimu, nipe vitumbua, na huyu mpe, na yule pale mpe!"

Tangu hapo mambo yakawa mengine. Watu walitoka Nkowe na Chinongwe kwa baiskeli, wakasimama mbele ya jiko na kumtazama. "Ndiye wewe wa redioni?" Walikula bila kuuliza ukoo. Kila aliyekula alitaka atajwe, na Mwanne alituma kadi nyingi, nyingine juu ya nyingine, hata hakumbuki kamwandika nani.

Mzee Lukumani wa Nkowe alikuwa mteja mzuri. Alikufa kiangazi kile, kifo cha uzee tu. Jioni ya maziko yake watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka msibani, na kijana mmoja alikuwa na redio ndogo akisubiri taarifa ya habari. Mwanne alikuwepo, ameketi na wanawake. Sauti ile nzito ikasema: "Mwanne mpika vitumbua wa Ruangwa anamsalimu Mzee Lukumani, popote pale alipo. Ujumbe wake: usikawie, nakungoja."

Hata mtoto aliyekuwa akilia alinyonya ziwa akatulia. Mwanne alitaka kusema kwamba kadi ile ni ya zamani, kwamba alimngoja mzee kwa vitumbua, si kwa kingine. Alipofungua kinywa aliona nyuso zote zimeelekea kwake, akakifunga.

Huenda lingesahaulika. Lakini mwalimu Fransisko, aliyehamishiwa pale kutoka Bukoba, alitajwa siku moja akiwa anakunywa chai, akacheka, akainua kikombe. Wiki haikuisha, akaanguka na baiskeli mlimani na hakuamka.

Hapo wateja walianza kuja kwa namna nyingine. Wanaume wazima walichuchumaa karibu na moto kama wanaoota joto. "Mama Shamimu, shikamoo. Tafadhali, mimi usinisalimie." Mwanamke mmoja alimletea kuku. "Mwanangu amekula kwako, namshukuru Mungu, ila jina lake lifute." Mwanne angelifutaje? Kadi zilikuwa Dar es Salaam, au njiani, au kwenye gunia la posta mahali fulani, zikingoja zamu yake.

Kisha akaja Lusiana, mke wa fundi baiskeli, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kuongea sana. Alisubiri watu wapungue. Akainama kana kwamba anachagua kitumbua.

"Kuna mtu nataka umsalimie," alisema.

"Nani?"

"Mke mwenzangu. Jina lake nitakutajia ukikubali." Alitabasamu kwa heshima. "Kadi nitanunua mwenyewe."

Mwanne alimkatalia kadi, akamkatalia salamu, akamkatalia kila kitu mpaka yule mama akaondoka. Na hapo ndipo alipokumbuka. Kwenye kadi mojawapo, nafasi ilibaki chini ya majina ya wateja, naye hakupenda kuiacha wazi. Akaandika: na binti yangu Shamimu.

Alijiambia kwamba hayo ni upuuzi. Mzee alikuwa mzee, na ule mlima una mawe. Lakini kila jioni sauti ile ilipoanza aliacha alichokuwa akifanya. Mtoto akiwa kisimani, alimwita. Akipanda mwembe, alimshusha. Shamimu akalalamika, "Mama, mbona unanitazama hivyo? Kama vile nina kidonda usoni."

"Kaa karibu tu."

Jina likasomwa siku ya gulio, stendi ikiwa imejaa. "Na binti yake Shamimu, popote pale alipo." Alikuwa pale pale, anaosha vikombe kwenye beseni. Watu walimtazama mtoto, wakamtazama mama. Kaimu alizima redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Taratibu, watu walianza kusogea mbali na beseni.

"Amemtoa wa kwake," mtu alisema nyuma. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayeelewa bei ya kitu.

Mwanne alidhani biashara imekufa. Kesho yake alfajiri walikuwa wamesimama msururu. Walikuja waliokuwa wamemkimbia, na wengine ambao hakuwahi kuwaona. Walinunua, wakala wamesimama, na macho yao hayakuwa kwenye vitumbua. "Mtoto kaamka?" waliuliza. "Kaamka salama?" Akijibu ndiyo, waliitikia vizuri, wakashukuru, na kesho wakarudi. Hakuna aliyependa kuja kuchungulia mikono mitupu, kwa hiyo walinunua. Hakuwa amewahi kuuza namna ile. Alimnunulia Shamimu viatu vya shule, na watu wakavitazama viatu vile, wakatikisa vichwa.

Mvua za kwanza zilipoanguka, Shamimu akashikwa na homa. Zahanati walisema malaria, wakampa dawa. Mwanne hakwenda stendi. Alipofungua mlango wa uani asubuhi, watu walikuwa wamejaa ndani ya ua wake, kimya, kila mmoja na bakuli lake.

"Tumekuja kula vitumbua," alisema kondakta yule. Hakuwa na utani tena.

Alitaka kuwafukuza. Lakini alikuwa amezoea, mikono yake ilijiendea yenyewe, ikawasha jiko, ikamimina unga kwenye vishimo vya kikaango. Akawahudumia. Ndani, nyuma ya pazia, Shamimu alikohoa, kikohozi kirefu, kisha kikakatika. Bakuli zote zilisimama. Shingo zote ziligeukia pazia, na hakuna aliyevuta pumzi. Mwanne alijikuta na upawa hewani, shingo yake nayo imegeuka, masikio yameelekea kule kule kama yao. Alikuwa anangoja pamoja nao.

Aliteremsha kikaango chini, unga ukiwa haujaiva. Akaingia ndani, akamkuta mtoto macho wazi, jasho likimtoka, anaomba maji. Akambeba mgongoni kwa khanga, kama alivyombeba akiwa mchanga, akapita katikati ya watu. Hawakumzuia. Walimpisha vizuri sana.

Basi la Nachingwea lilikuwa linaunguruma. Kaimu alikimbia kumfikishia mfuko wa nguo alizomkusanyia nyumbani, macho yake mekundu. "Dada, nisamehe. Nilitaka upate jina tu." Nyuma yake watu walipunga mikono kwa upole, na mwanamke mmoja akauliza wanakwenda wapi hasa. Mwanne alipanda basi.

"Haya," yule mama alisema, akijifunga khanga yake vizuri. "Tutasikia redioni."

Homa iliisha Nachingwea, kwa dawa ile ile. Mwanne alianza tena upande wa pili wa soko, bila jina. Aliyemuuliza aliambiwa, "Mama tu." Alijenga uaminifu kwa njia ndefu: alipika mbele ya mtu, akala cha kwanza mwenyewe, akangoja miaka. Ikatosha kumsomesha mtoto. Redio haikuingia nyumbani kwake, wala Shamimu hakuelezwa sababu.

Mwaka 2009 Shamimu, sasa mwanamke mrefu anayepokea oda za harusi na kipaimara, alirudi nyumbani na simu ya Kichina yenye kamera.

"Mama, siku hizi biashara ni Fesibuku. Mteja anataka kumjua mpishi ndipo amwamini."

"Hapana."

"Hata sura hapana?"

"Hata sura. Wala jina, si langu wala lako."

Walibishana siku nyingi. Mwishowe mama alikubali ipigwe picha ya mikono yake tu, ikimimina unga kwenye kikaango. Shamimu aliiweka jioni, chini ya jina la biashara alilolibuni, akakaa kwenye mkeka akisubiri, akicheka peke yake kila simu ilipolia.

"Mama, wanapenda! Huyu yuko Mtwara anauliza bei. Huyu wa Dar anasema ana njaa." Aliteremsha kidole. "Na huyu yuko Ruangwa. Anasema, mikono hii naijua. Anauliza," akamsomea mama yake polepole, "mtoto bado yupo?"

Mwanne alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama.

"Usimjibu."

Shamimu alimtazama mama yake, kidole gumba bado kiko kwenye simu.

"Nimeshamjibu, mama. Nimemwambia ndiye mimi, na nyumba yetu ilipo."